Salamu za Barabarani

Benchi lenyewe halina la kusifiwa. Ni ubao mrefu ulioegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya Chaji, fundi umeme wa magari, na mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tairi usiyumbe. Mbele yake inapita barabara kuu itokayo mjini, na pembeni Mama Birika ana kibanda chake cha kahawa na keki. Jioni kazi zikilegea, wenyewe hujikusanya hapo: Chaji na mikono yake ya grisi, Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye ameshika vichwa vingi hata anaamini anajua vilivyomo, na Bosi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kufanya kazi chini ya mtu, wala juu ya mtu, wala kazi yenyewe. Wa nne ni Mzee Haloo. Huyo hakai katikati. Hukaa pembeni kabisa, nusu ya mwili iko kwenye ubao na nusu hewani, kama mtu ambaye muda si mrefu ataitwa kwingine.

Hakuna aliyekuwa akimwita kwingine. Haloo alikuwa mpokea simu wa shirika moja kubwa, enzi ambazo simu ilikuwa na waya na heshima zake. Alikaa mbele ya ubao wenye taa ndogondogo, na taa ikipepesa, maana yake upande wa pili yupo mtu anataka kusema. Hubonyeza na kusema kwa sauti yake nzito, "Haloo, nikuunganishe na nani?" Watu wasiowahi kumtia machoni walimjua. Walimpa pole ya mafua kabla hata hajasema anaumwa. Kisha ukaletwa mtambo unaojiunganisha wenyewe, ubao ukang'olewa, naye akaagwa kwa saa ya ukutani. Mkewe alikuwa bado hai wakati huo, kwa hiyo nyumba ilikuwa na maneno. Mkewe alipofariki, maneno nayo yakakoma. Binti yao wa pekee yuko ng'ambo kikazi, na hupiga simu Jumapili. "Baba, umekula?" "Nimekula." "Haya baba, jitunze." Hapo mazungumzo ya wiki yamekwisha.

Kilichobaki ni gari. Gari la spoti la milango miwili, fupi kwa kimo, refu kwa pua, alilolinunua ujanani kwa kujinyima hata soksi, na ndilo alilomchumbia nalo mkewe. Wekundu wake umeshakuwa wa tofali, lakini injini bado inaunguruma vizuri. Tatizo lilikuwa taa. Vioo vilikuwa vimeingia mtoto wa jicho, na giza likianza kuingia mzee alionekana kama anaitafuta barabara kwa mshumaa.

Ni Bosi aliyelianzisha.

Bosi: Mzee Haloo, tia zenoni, zile balbu za mwanga mweupe mkali. Gari la spoti bila zenoni ni suti na kandambili.

Chaji: Zenoni haitiwi hivihivi tu kwenye taa kuukuu. Ukibadili balbu peke yake, mwanga unamwagika kila mahali. Lazima ufungue taa yote, ndani uweke projekta. Lile jicho la kioo la mviringo. Ndilo linaloukata mwanga usipande juu.

Wembe: Nimewahi kumnyoa mtu mwenye hizo. Aliniambia anamwona sungura barabarani kabla sungura mwenyewe hajaamua kuvuka.

Bosi: Huyo zake za bei nafuu. Zile zenyewe hasa zinakuonyesha sungura ambaye bado yuko kwao anavaa viatu.

Haloo alicheka. Alicheka sana kuliko kichekesho chenyewe, kwa sababu ilikuwa muda mrefu tangu watu wakae wakajadili jambo lake. Kwa ajili ya hilo tu alikuwa tayari kulikubali, sungura awepo asiwepo.

Chaji akazitafuta projekta akazipata kwa muuza vyuma chakavu, zimetoka kwenye gari la maana lililoletwa ndani ya kontena kutoka mbali, limepondeka nyuma, mbele zima. Taa za Haloo zikang'olewa. Sasa taa za zamani zimefungwa kwa gundi nyeusi ngumu, na gundi hiyo hailegei kwa maneno, inataka moto wa polepole unaoizunguka pande zote. Wote wakageuza macho kwenye kibanda cha Mama Birika.

Mama Birika: Msinitazame hivyo. Hilo ni tanuri la keki.

Chaji: Kidogo tu, Mama. Gundi ikilegea tunatoa.

Mama Birika: Na keki zikinuka plastiki?

Bosi: Wateja watadhani umebadilisha vanila.

Taa ziliingia tanurini moja baada ya nyingine, na kwa siku kadhaa keki za Mama Birika zilikuwa na ladha ambayo wateja walishindwa kuipa jina. Lakini vioo vilifunguka bila ufa. Chaji akazisimika projekta, akaunganisha masanduku madogo ya kukuza umeme, akasugua vioo vikatakata, akafunga. Jioni yake gari likaelekezwa kwenye ukuta mweupe wa kinyozi. Haloo akabonyeza swichi. Mwanga ulikuja kwanza kibuluu, ukatetemeka, ukatulia mweupe pe, na juu yake ukakatwa kwa mstari kama umepigwa rula. Upande mmoja tu mstari ule ulipanda kidogo, halafu ukaendelea.

Wembe: Mbona hapo umepanda?

Chaji: Hiyo ngazi projekta zote zinayo. Ni ya kumulika mbali.

Bosi: Ni saini ya kiwanda.

Wakaitazama ngazi ile kwa heshima. Haloo akalitia gari mafuta, akatoka nalo.

Njia yake haikuwa na mambo mengi. Kutoka benchini hadi mzunguko wa kituo cha mafuta, kule mji unakoishia, azunguke, arudi. Hakuna alichokuwa akikifuata huko. Alitaka tu kuziona taa zake zikifanya kazi. Gari la kwanza alilokutana nalo likampepesea taa. Haloo akashtuka. Likaja la pili, nalo likapepesa. Likaja lori la mchanga, likapepesa mara nyingi mfululizo, na dereva wake akapiga na honi.

Mwili wake ulikumbuka kabla ya akili. Taa ikipepesa, yupo mtu upande wa pili. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi, akawasha taa kali, akazima, akasema peke yake mle garini, "Haloo." Gari jingine likapepesa, naye akalijibu. "Haloo. Haloo, habari ya jioni." Alipofika kwenye mzunguko wa kituo cha mafuta macho yalikuwa yamemlowa, wala hakuyaficha, maana hakuna aliyekuwa akimtazama. Alikuwa na furaha. Tangu mazishi ya mkewe hajawahi kusalimiwa na watu wengi namna ile kwa siku moja.

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila jioni giza likianza kuingia, Haloo hunywa kahawa yake, huvaa koti, huenda mpaka mzunguko na kurudi. Akirudi hukaa benchini na kusimulia nani kampepesea, na sasa alikuwa anakaa katikati ya ubao, mapaja yote mawili. Na benchi, lililokuwa na uhaba wa mada tangu msimu wa mpira kumalizika, likalidaka suala hilo kwa mikono miwili.

Haloo: Jamani, hawa watu wote wamenijulia wapi?

Chaji: Wanaiona kazi, mzee. Fundi akitenda, barabara nzima inajua. Usinishukuru.

Wembe: Kazi yako inaonekana wapi gizani? Wanamfananisha. Nina uhakika yupo mkubwa fulani ana gari kama hili, wanadhani ndiye.

Chaji: Mkubwa gani wa kuendesha gari la milango miwili? Wasaidizi wake wakae wapi?

Wembe: Kwenye buti.

Bosi: Nyote hamjui. Kuna umoja wa wenye magari ya spoti. Wako dunia nzima, wana mweka hazina na kila kitu. Wakikutana barabarani wanapepeseana taa, ndiyo kadi yao. Mzee ameshapokelewa, hata fomu hajajaza.

Wembe: Na lori la mchanga?

Bosi: Huyo katibu.

Jioni iliyofuata Wembe alikuja na mpya, inaonekana aliipata akiwa katikati ya kichwa cha mteja.

Wembe: Nimeelewa. Zenoni ina umeme mwingi kupita kiasi. Ikikaribiana na taa ya kawaida inaivuta, ile nyingine inajiwasha yenyewe. Dereva hana habari. Ni kama miayo, mmoja akipiga wa pili hajizuii.

Chaji: Umeme haupigi miayo, Wembe.

Wembe: Umewahi kukaa nao usiku kucha?

Bosi: Mimi naona wanampima. Uchaguzi unakuja. Mtu huanza kupendwa hivihivi, kidogokidogo, barabarani, mara unasikia amechukua fomu. Mzee, ukipita usinisahau. Mimi sitaki makubwa, nipe ofisi isiyo na mafaili.

Haloo: Nitakupa ya simu.

Bosi: Ya simu sitaki, italia.

Mama Birika alikuwa anafuta vikombe. Akasema bila kuinua uso:

Mama Birika: Au labda zinawaumiza macho.

Benchi likamgeukia kwa pamoja.

Chaji: Mama, projekta ndiyo imetengenezwa isiumize macho. Kazi yake ni hiyo. Nimezipima ukutani, umeziona.

Mama Birika: Mimi nimesema labda.

Bosi: Mama, mimina kahawa, haya ni mambo ya mitambo.

Lakini neno lile lilimwingia Haloo, akarudi nalo nyumbani, akalala nalo. Alikumbuka dereva mmoja aliyeteremsha kioo na kupaza sauti walipopishana. Maneno hayakusikika, na yeye alikuwa amemshukuru. Alikumbuka mwingine aliyejikinga uso kwa mkono, akamchukulia kwamba anapunga. Akayageuza mawazo hayo huku na huku, kisha akayafukuza, kwa sababu fundi amesema, na fundi ndiye anayejua. Ukweli ni kwamba hakutaka kujua. Akienda mbele ya kioo asubuhi kunyoa ndevu alikuwa akijisemea kwamba mtu mzima ana haki ya kusalimiwa.

Yule msichana alifika jioni moja ya katikati ya wiki. Alikuwa dereva wa gari la mikate, gari dogo jeupe lenye picha ya mkate juu ya kioo cha mbele, na alikuja kwa Chaji kwa sababu betri ilikuwa haishiki. Amevaa aproni ya kiwanda, nywele zimefunikwa kofia ya wavu. Chaji alipoingiza kichwa kwenye injini, yeye akaja benchini kungoja.

Dereva: Shikamooni.

Wote: Marahaba.

Haloo aliliona gari kwanza, ndipo akamwona mwenyewe. Katika wote waliokuwa wakimpepesea, lile la picha ya mkate halikukosa hata jioni moja. Hupepesa mara mbili, linatulia, linapepesa tena. Alikuwa amelizoea mpaka likichelewa anaingiwa na wasiwasi. Akasimama, akapangusa ubao kwa kiganja.

Haloo: Karibu, mwanangu, keti hapa. Mama, mpe kahawa, ni mgeni wangu. Kumbe ni wewe wa kila jioni. Nimefurahi leo kukuona uso.

Dereva: Mimi?

Haloo: Si wewe wa gari la mikate? Mimi ndiye wa gari hilo jekundu. Mwenye taa nyeupe.

Msichana akageuka kulitazama gari lililoegeshwa ukutani. Akalitazama kwa muda. Kahawa ilikuja, akaipokea, hakuinywa.

Dereva: Ni wewe, mzee? Mimi nilidhani ni kijana tu mkorofi. Nikikupepesea, wewe ndiyo unaniwashia zile kali kabisa.

Haloo: Nakuitikia.

Dereva: Unaniitikia nini?

Haloo: Salamu.

Msichana akamtazama Bosi, akamtazama Wembe, kuona kama anataniwa. Hakuona utani. Akaweka kikombe chini, na sauti yake ikapungua.

Dereva: Baba, nisamehe. Sikuwa nakusalimu. Nilikuwa nakuomba uzishushe. Zinanijaa machoni sioni mbele wala pembeni. Juzi nusura nimgonge mtu wa baiskeli. Sikumwona kabisa, nilisikia kengele yake tu, nikakata usukani. Nilisimama pale natetemeka, nikakulaani, Mungu anisamehe.

Wembe alikohoa. Bosi alichunguza kucha zake. Chaji alichomoa kichwa kwenye injini ya gari la mikate na kuja akijipangusa kwa kitambaa.

Chaji: Dada, hilo haliwezekani. Zile zina mstari. Mwanga hauendi juu.

Dereva: Ziwashe basi.

Wakaziwasha. Mstari ukakaa kwenye ukuta wa kinyozi, umenyooka vizuri, na ngazi yake upande mmoja. Msichana akasogea ukutani, akasimama ndani ya mwanga, kivuli chake nyuma yake.

Dereva: Mzee anakuja namna hii. Mimi natokea kule, napita huku. Si ndivyo? Sasa hiyo iliyopanda, inapanda upande wa nani?

Chaji akaangalia barabara, akaangalia ukuta. Akanyoosha mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, kama mtu anayejikumbusha upi ni upi. Ngazi ile ilikuwa imewekwa kumulika kando ya barabara, waliko waendao kwa miguu na vibao vya njiani. Hii ilikuwa inapanda katikati, machoni mwa kila anayekuja.

Chaji: Gari lile zilikotoka projekta lilitoka nchi wanakopita upande mwingine wa barabara.

Alilisema polepole. Kisha akalirudia, kana kwamba bado kuna mtu hakusikia. Watu wazima wote wale walisimama mbele ya ukuta ule, wakaisifia ngazi, wakaipa na jina, na hakuna aliyejisumbua kuuliza inaelekea kwa nani.

Haloo alizima taa mwenyewe. Alirudi kwenye benchi, akakaa pembeni. Yule msichana akamfuata, maana hakuwa na roho mbaya, na alimwona uso ulivyombadilika. Alitafuta neno la kumpoza mzee, akapata lile ambalo mtu yeyote angelipata.

Dereva: Na mimi nikipeleka mikate nakukuta unaenda, nikirudi nakukuta unarudi. Kila siku ya Mungu. Huwa unakwenda wapi, baba?

Swali jepesi, la kuulizwa na jirani kwa jirani. Wembe akamtazama Chaji. Chaji akamtazama Bosi. Walikuwa wamemtafutia katibu wa umoja na ofisi ya uchaguzi, wamewachunguza wote waliokutana naye njiani, kasoro hilo. Hawajui. Hakuna aliyemwuliza.

Bosi: Anakwenda huko.

Dereva: Huko wapi?

Wembe: Mzee ana shughuli zake.

Dereva: Shughuli gani?

Wembe akainamia kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu. Haloo angeweza kusema, kwenye mzunguko wa kituo cha mafuta. Lingekuwa kweli na lisingekuwa jibu. Alikuwa anakwenda kusalimiwa, basi. Akatabasamu tu, kama wanavyotabasamu wazee wanapotaka kuachwa. Msichana akaelewa kwamba ameuliza vibaya, ingawa hakuelewa wapi.

Chaji: Zinatengenezeka, mzee. Nikizifungua tena, ndani kuna kibati kinachokata mwanga. Naongeza kipande, naziba ile ngazi, mstari unalala sawa. Haimsumbui mtu tena.

Bosi: Au mzee aendeshe mchana. Mchana hazimuumizi mtu.

Wembe: Ndiyo. Taa zibaki kama zilivyo, ni nzuri. Za mapambo.

Walikuwa wanampa mlango wa kutokea, na yeye aliuona. Alitamani, na aliona aibu kutamani hivyo, kwamba betri ya gari la mikate ingekuwa nzima na msichana huyu asingefika hapa. Angeendelea kupepesewa hadi siku anakufa, asijue. Halafu akamfikiria mtu wa baiskeli. Hakumjua, hakuwahi kumwona hata kwa mbali, na sababu ya kutomwona ni kwamba wakati mwenzake anaponea chupuchupu kandokando ya barabara, yeye alikuwa garini anatabasamu na kuitika.

Haloo: Zifungue.

Safari hii Mama Birika hakubishana. Alizitoa keki zake tanurini kabla hajaombwa, zingine hazijaiva, akazifunika kwa kitambaa.

Mama Birika: Leteni hizo taa.

Walifanya kazi bila maneno mengi. Msichana aliondoka betri ilipopona. Alimpa Haloo mkono kwa mikono miwili, akasema asante baba, sasa tutapishana vizuri. Kesho yake Chaji akamaliza, gari likarudishwa mbele ya ukuta. Mstari ulilala sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Chaji: Sasa nipime kimo cha mwanga. Gari hupimwa na mzigo wake wa kila siku, ili lisiinue pua. Huwa mko wangapi humo?

Haloo: Mmoja.

Chaji: Basi ingia ukae.

Haloo akaingia, akakaa. Kiti cha pembeni kilikuwa na koti lake. Chaji alizungusha skrubu, akarudi nyuma, akazungusha tena. Kazi yake ilikuwa safi, na kwa mara ya kwanza hakujisifu.

Haloo alitoka nalo jioni ileile, wakati ambao watu wanarudi makwao. Magari yalikuwa mengi, yamefuatana kama siafu, mabasi, pikipiki, malori, na kila moja lilimfikia na taa zake zimetulia na likampita. Mwanga wake mweupe ulitandika mbele, chini, kwa adabu, ukaonyesha kila shimo na kila jani. Hakuna aliyepepesa. Mkono wake ulikuwa kwenye swichi, ukingoja, akauondoa, baada ya muda akaukuta umerudi. Karibu na mzunguko aliliona gari la mikate linakuja. Alijiambia asitarajie, na huku anatarajia. Likakaribia. Msichana alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, macho mbele, anaiona barabara yake yote. Alipita salama, na ndicho walichokihangaikia. Pengine hata hakujua ni yeye. Gari lenye taa zisizoumiza linafanana na mengine yote.

Haloo alizunguka kituo cha mafuta, akarudi taratibu. Aliegesha, akazima, akabaki ndani kidogo kabla ya kutoka. Benchini walikuwa bado wanamngoja, hata Mama Birika alikuwa hajafunga, na walikuwa wamemwachia nafasi katikati. Wembe akamsogezea kikombe.

Wembe: Vipi barabarani, mzee?

Haloo akaketi. Mbele yake magari yalikuwa yanapita bila kukatika, moja likiisha lingine likiingia, na mwanga wa taa ukimpitia usoni.

Haloo: Hakukuwa na mtu.